Karatasi Zilizoandikwa Pande Mbili

Mtu mmoja alikuwa na sanduku la bati ambalo halikuwahi kutiwa nguo. Jina lake Kilua, mkata mkonge katika shamba la tajiri, na sanduku lake lilijaa karatasi. Tajiri alipotaka kuiondoa kambi ya wafanyakazi ili apanue shamba, nyumba zao zilichomwa moto asubuhi moja wenyewe wakiwa kazini. Kilua akaenda kwa wakubwa kuuliza ni kwa sheria ipi. Akawekwa ndani. Alipotoka aliuliza tena, akawekwa ndani tena. Watu wakajenga upya palepale kwenye majivu, na tajiri akawaacha kwa muda. Kilua alijua kuwa ni kwa muda tu. Ndipo alipoanza kupita nyumba kwa nyumba, zote arobaini na mbili za majirani zake, akiandika nani alizaliwa hapo, nani alizikwa wapi, nani alichomewa nini. Kila mwenye nyumba alisomewa maneno yake, kisha akatia dole gumba.

Karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo alizitumia kwa ubahili. Upande wa mbele wa kila karatasi aliandika maneno ya nyumba tatu, moja chini ya nyingine. Kisha aliigeuza, akailaza kwa upana, na huko nyuma akaandika mistari mirefu kutoka ukingo hadi ukingo. Hao walikuwa mashahidi: majirani gani waliyaona mambo hayo kwa macho yao, na kila mmoja aliona nini. Karatasi zilikuwa kumi na nne. Miaka ishirini zilikaa chini ya kitanda chake.

Binti yake Mwanamvua alirudi nyumbani na watoto watatu baada ya ndoa kumshinda. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, akaishia kukaanga maandazi alfajiri na kushona viraka mchana. Baba yake alipougua ni yeye aliyemgeuza kitandani, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Siku za mwisho mzee alimwambia, "Mwanangu, zile karatasi zikae pamoja." Mwanamvua akaitikia, "Sawa, baba," huku akikamua kitambaa, kwa kuwa maji yalikuwa yanapoa. Hakumuuliza kwa nini.

Mzee akafa. Siku ya arobaini watu walikusanyika, dua ikasomwa, wakala. Desturi ya pale ni kwamba vitu vya marehemu hugawanywa siku hiyo, ili kila aliyempenda aondoke na kitu chake. Lakini Kilua hakuwa na vitu. Koti lilikwenda kwa mdogo wake, jembe kwa mpwa wake, redio kwa rafiki yake wa jela. Vikaisha, na watu bado walikuwa wamekaa mikekani. Ndipo jirani mmoja, Bi Nyange, mwanamke mwenye mdomo, akanyoosha kidole kuelekea chini ya kitanda.

"Na lile je? Au umeolewa nalo, Mwanamvua?"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika nyumba ile tangu msiba. Kisha Bi Nyange akasema kwa sauti nyingine, "Mle ndani mna dole la baba yangu, mwanangu. Sina picha yake hata moja. Nipe hilo tu." Mwingine naye akamkumbuka mama yake. Mwingine kaka yake. Mara kila mtu alikuwa na mtu wake mle sandukuni, na wote walikuwa wanalia.

Mwanamvua alikuwa hajala tangu alfajiri. Masufuria ya wageni yalikuwa yanamngoja, mtoto wake mdogo alikuwa na homa, na mahali lilipokaa sanduku lile wangeweza kulala watoto wawili. Zaidi ya hayo, kuwanyima watu waliomzika baba yake kungeonekana uchoyo. Ila tatizo lilikuwa moja: kila karatasi ilikuwa na nyumba tatu, na si haki kumpa mmoja maneno ya watatu. Mtu akauliza kama kuna mkasi. Mkasi ulikuwepo, ule wa kukatia viraka.

Akakata. Alikata vizuri, kwa mkono wa mshonaji, hakuharibu hata herufi moja ya upande wa mbele. Upande wa nyuma aliuona. Hawezi kusema hakuuona. Alijiambia kuwa ni majina tu. Alipokuwa akikata alitafuta kipande cha baba yake ili akiweke, asikione, kwa sababu Kilua hakujiandikia nyumba yake mwenyewe. Hilo lilimuuma, lakini hakumwambia mtu. Watu waliondoka wakimbariki, kila mmoja na kipande chake kifuani, naye akaweka nguo za watoto ndani ya sanduku.

Haikupita miaka miwili, mtoto wa tajiri alileta notisi: kambi iondoke. Watu wakalalamika, na serikali ikatuma tume ya watu watatu kuja kusikiliza. Tume ikataka kitu kimoja: maandishi ya zamani yanayoonyesha kuwa watu hawa waliishi hapa, na mashahidi wake. Watu wakafurahi. "Mzee Kilua alituandikia!" Wakaja kwa Mwanamvua, wakapiga hodi kana kwamba sanduku bado lilikuwa limejaa.

Akabeba kikapu, akapita nyumba kwa nyumba kama alivyopita baba yake. Kipande kimoja kilikuwa kimetiwa kwenye fremu ya kioo, kimegandishwa kwa gundi upande wa nyuma. Kimoja kilishonewa ndani ya hirizi ya mtoto. Kimoja kilizikwa pamoja na mwenyewe. Kingine mkwe alifungia ugoro bila kujua, akalia alipoambiwa. Ndugu wawili walikuwa wamekikata chao tena katikati, nusu kwa nusu. Na mzee mmoja alikataa kabisa. "Hiki cha mama yangu," alisema, akifunga mlango. "Tafuta cha kwako."

Alipata vipande ishirini na sita. Hakuweza kuvigandisha, maana angeufunika upande mmoja, kwa hiyo alivishona kwa sindano, uzi mwembamba, ukingo kwa ukingo. Karatasi zilizotimia zilikuwa mbili tu. Hapo ndipo aliposoma nyuma kwa mara ya kwanza. Katika kila karatasi, mstari wa mwisho wa mashahidi ulikuwa uleule. Kwenye zile mbili ulisomeka wote: *Nami Kilua nilikuwepo, niliona.* Kwenye nyingine palibaki *Nami Ki*, au *lua nilikuwe*, au *po, niliona*. Baba yake alikuwa katika kila karatasi. Naye Mwanamvua alikuwa amemkata mara ishirini na nane, mara mbili kwa kila karatasi, mbele ya watu, siku ya arobaini yake.

Mwenyekiti wa tume, mama mtu mzima mwenye miwani, alivigeuza vile vipande mezani kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. "Huku mbele kila mtu anajisemea mwenyewe," alisema. "Waliomwona wako nyuma, na nyuma pamekatwa. Nani aliyekata?"

Watu wote wakatazama chini, hata wale waliokuwa wameomba. Mzee aliyekataa kutoa kipande chake alikuwa nacho mfukoni, amekishika kwa mkono.

"Mkasi ulikuwa wangu," alisema Mwanamvua.

Tume iliandika kuwa ushahidi haukutosha. Malori yalikuja baada ya mvua za vuli. Watu walitawanywa sehemu tatu zilizo mbali kila moja na nyingine, na huko kila mmoja alitundika kipande chake ukutani, akawaambia wageni, "Huyu ni baba yangu, alionewa," na hapakuwa na jirani wa kuitikia kwamba ni kweli. Mwanamvua alichukua sanduku. Ndani aliweka zile karatasi mbili zilizoshonwa, na nguo za watoto akazifunga kwenye khanga.

Nanyi mnaosikia haya, ambao kila mmoja wenu amehifadhi kwa uangalifu mkubwa maumivu ya nyumba yake: ni lini mliligeuza lile mliloliweka, mkasoma nyuma yake, mkaona mmekata jina la nani?