Jina la Mitumbwi Saba

Hapo zamani, na mnaonong'ona huko nyuma nyamazeni kwanza, watu wa kisiwa cha Irondo walikuwa na jina la mtumbwi mmoja, na jina la mitumbwi mingi ya vita. Mitumbwi michache inayokwenda pamoja haikuwa na jina, kwa sababu hakuna aliyesafiri na mwenzake. Kila mtu alikwenda bara peke yake kufuata mtama, na ukungu wa ziwa ukawa unawameza mmoja mmoja.

Ukammeza mume wa Nyangeta. Nyangeta akalia, akanyamaza, akasokota kamba ndefu ya kuunganisha mitumbwi saba. Mugeta, aliyeijua njia, akakubali kutangulia. Saba wakaenda, saba wakarudi. Wakaenda tena, wakarudi tena.

Safari ya tatu Mugeta akaliona wingu jeusi. Akaona haya kugeuza akachekwa, akazidi kupiga kasia. Dhoruba ikawakuta katikati. Mtumbwi wa nyuma, wa Bwire, ukajaa maji, ukaanza kuwavuta wenzake chini. Fundo likakataa kufunguka. Bwire akachomoa kisu, akaikata kamba. Saba walikwenda, sita wakarudi.

Wazee wakasema, "Mitumbwi inayokwenda pamoja ipewe jina la mtu, liitwe ufukweni kila inaposukumwa majini."

Na mila ya Irondo ilikuwa hii: jina likishapewa chombo, mtoto hapewi tena.

Nyangeta akasema, "Kamba ni yangu, jina lingekuwa langu. Lakini fundo nililikaza mimi. Laiti ningelilegeza kidogo tu!"

Mugeta akasema, "Njia ni yangu. Bila mimi msingefika hata mara moja. Lakini lile wingu nililiona, jamani. Nililiona."

Wapiga makasia wakasema, "Basi ni Bwire. Bila yeye tungekuwa chakula cha samaki."

Hapo akasimama Nyabise, mjane wa Bwire, mimba yake ya miezi minane. "Baba zangu, mume wangu hakuacha shamba wala ng'ombe. Aliacha jina, na wa kulirithi yumo humu tumboni. Mkiipa mitumbwi jina hilo, mwanangu nitamwita nani? Msipoipa, nani atamtaja Bwire ufukweni? Mimi nimeshindwa. Amueni nyinyi."

Asubuhi mitumbwi ikafungwa kamba. Watu wakaishika ubavuni, wakavuta pumzi waite, wakatazamana. Hakuna aliyeita.

Moyo unaniuma kila ninapoisimulia hadithi hii. Haya, wajuaji wa huko nyuma, sasa semeni: je, jina la nani lilistahili kuitwa?