Natua Kwanza

Wapendwa, nawasalimu wote, mliokaa na mliosimama dirishani. Naomba tunyamaze kidogo. Kwaya, hata nyinyi. Simu tuzizime, maana leo zina kesi. Somo mmelisikia, nimewasomea mwenyewe mpaka nukta ya mwisho. Sasa sikilizeni mfano.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga. Siku hiyo mashine kaizima, kakaa juu ya gunia la pumba, anarusha ndege. Ndege ya kwenye simu, jamani! Ya kweli hajawahi kuigusa hata tairi. Anasema inampumzisha kichwa. Kupumzika gani huko? Mguu unatikisika, jasho linamtoka, ndege ikikaribia uwanja anauma meno, inaanguka, anarusha nyingine.

"Rubani!" mkewe akamwita kutoka jikoni. "Leo umetufikisha wapi? Dubai?"

"Niache, mama. Niko hewani."

"Wewe hewani, na kaka yako kitandani."

Hapo ndipo penye mwiba. Kwenye matanga ya baba yao aligombana na kaka yake, akaapa mbele ya watu: sikanyagi kwako tena! Na kwao kiapo hicho hakifutwi kwa maneno. Yule uliyemwapia anakushikia kata ya maji kwa mkono wake mwenyewe, unakunywa, yamekwisha. Ni mara moja tu, yakimwagika hayatekwi mengine. Na akifa hujanywa, siku ya kumzika utasimama nje ya ua.

Sasa kaka mtu alikuwa anaisha. Asubuhi ile shemeji alikuwa amekuja mbio.

"Shemeji, anakuita. Maji yako tayari."

"Naja, shemeji. Natua kwanza."

"Unatua wapi?"

Akarusha nyingine.

Mnadhani hakumpenda kaka yake? Alimpenda! Lakini kila akitaka kuinuka anayaona macho ya yule kaka, anarusha tena. Ikafika saa sita. Ikafika saa nane.

Mara akasikia toroli linalia mlangoni. Akadhani ni mteja.

"Leo hatusagi!"

"Mdogo wangu," sauti ikasema, "ni mimi. Hukuja, basi nimeletwa."

Macho yakaganda kwenye simu. Si kwa ajili ya ndege, wapendwa. Aliogopa kuyainua.

"Kaka... dakika moja tu."

Na safari hii ndege haikuanguka. Ikatua vizuri, simu ikapiga makofi. Ndipo akainua uso. Kaka yake yumo ndani ya toroli, blanketi mpaka kifuani, mkono kaunyoosha, kata imeinama. Kata tupu. Maji yote yameshanywewa na pumba za sakafuni.

"Nilijitahidi kuishika," kaka akasema. "Mkono ndio umekataa."

Siku ya tatu wakamzika. Majirani walitupa udongo. Mdogo mtu alisimama nje ya ua, na udongo wake kwenye kiganja, hana pa kuutupa.

Sasa sisi. Msiende kusema mhubiri kakataza michezo ya simu. Aliyechoka na apumzike. Huyu hakuchoka, huyu aliogopa, akaiita hofu yake mapumziko. Na sisi je? Wewe unayefagia uwanja uliokwisha kufagiwa, wewe unayeimba kwaya tatu ili usipate nafasi ya kupita kwa dada yako, unangoja nini? Anayetaka kupatana na wewe ana mkono wa nyama na mifupa. Utanyooka mpaka lini?

Mimi mwenyewe nina jirani, huyu wa nyuma ya kanisa. Tangu mavuno hatujasalimiana. Leo hajaja ibadani, na sababu naijua. Mzee wa kanisa, njoo ushike hapa, muimbe. Naenda kupiga hodi kwake sasa hivi. Nitarudi. Na nikikawia, jueni amenifungulia.