Kishada cha Pimbi na Mkono wa Nyani

Ngano, jamani, ngano!
— Ije, tuipokee!
Ije na nini?
— Ije na upepo!
Ikae wapi?
— Ikae hapa, katikati yetu!

Basi sogeeni. Aliye nyuma asikie kama aliye mbele.

Palikuwa na ziwa mbali na bahari, mbali sana, ziwa ambalo maji yake hayajawahi kuonja chumvi. Upande mmoja wa ziwa palikuwa na vilima. Chini ya vilima, ukingoni mwa maji, palikuwa na jabali jeusi, pana, lenye mgongo kama wa ng'ombe aliyelala. Hapo waliishi pimbi.

Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia, kama sungura aliyepunguziwa masikio. Nyayo zake ni laini na zina unyevunyevu. Akisimama juu ya jiwe, hatelezi. Ila ana shida moja: damu yake huamka polepole. Asubuhi lazima aote jua kwanza, ndipo mwili ukubali kazi. Asipoota jua, atatetemeka mpaka mchana.

Kwa hiyo kila asubuhi pimbi walipanda jabali, wakajipanga bega kwa bega, wakaota jua. Mababu, akina mama, watoto. Kimya.

Siku moja akaja Nyani. Alikuja na meno yake, na mabega yake, na mkono wake mrefu. Akalitazama jabali.

"Jiwe la nani hili?"

"Letu, Mzee Nyani," akajibu pimbi mmoja mama mtu mzima. "Tunaota jua."

Nyani akaweka mkono. Pa!

"Hili langu. Nikishika, siachii."

Likawa lake. Pimbi wakashuka, wakakaa kwenye mawe madogo ya kivulini.

Kesho yake Nyani akautazama mkuyu uliokuwa kando ya jabali.

"Makuyu ya nani haya?"

"Yetu, Mzee Nyani. Tunakula."

Pa!

"Haya yangu. Nikishika, siachii."

Yakawa yake. Pimbi wakala majani.

Sasa yule mama alikuwa na mwanawe kijana, na huyo tutamwita Pimbi tu, kwa sababu ngano hii ni yake. Asubuhi ya nne Pimbi alimkuta mama yake amejikunja kivulini.

"Mama, amka tule."

"Mwanangu, miguu yangu haijaamka tangu juzi."

Pimbi akamshika miguu. Baridi, kama kokoto ya chini ya maji. Akainua macho juu ya jabali. Nyani alikuwa amelala chali juani, mkono mmoja huku, mkono mmoja kule, ili nafasi isibaki. Pimbi kupigana naye hawezi. Akakaa, akasikiliza.

Na alichosikia ni upepo.

Vuuu.

Kila kiangazi upepo huteremka kutoka vilimani, ukakimbia juu ya ziwa kuelekea ng'ambo, siku tano, siku sita, bila kupumzika. Siku hizo wanyama wadogo hawafanyi kazi. Hucheza. Chura hupanda ubao wake wenye tanga la jani la yungiyungi, akaegemea nyuma, tumbo juu, akateleza kwenye mawimbi. Na Pimbi? Pimbi hurusha kishada. Kishada kikubwa cha majani ya mgomba, kimeshonwa kwa uzi wa katani, kina kamba nne ndefu, na kamba zote zimefungwa kwenye kijiti kimoja. Kishada juu, kijiti mkononi, ubao chini ya zile nyayo zisizoteleza. Upepo unavuta, Pimbi anakwenda. Pa-pa-pa-pa juu ya maji.

Lakini ziwa lile lina desturi. Hakuna anayeingia majini kabla ya kusimama ufukweni na kujibu wimbo, wenzake wote wakisikia:

Upepo ukija?
— Shika!
Ukitaka kugeuka?
— Legeza!
Ukitaka kusimama?
— Achia!

Kwa sababu kishada kina tabia hii: ukikivuta, kinakuvuta. Ukikivuta zaidi, kinakuvuta zaidi. Ukikiachia, kinalala majini kama nguo iliyodondoka, nawe unasimama.

Siku ile Pimbi akajibu wimbo wake vizuri, akaingia ziwani. Akapita mbele ya jabali mara ya kwanza. Vuuu! Nyani akafumbua jicho moja. Akapita mara ya pili. Vuuu! Nyani akafumbua la pili. Mara ya tatu Nyani alikuwa amesimama ufukweni.

"Wewe kijitu! Kitu gani hicho?"

"Kishada, Mzee."

"Cha nani?"

"Changu, Mzee. Ninapanda upepo."

Mkono ukaenda. Pa!

"Hiki changu. Nikishika, siachii."

"Haya, Mzee," akasema Pimbi taratibu. "Ila ziwani kuna desturi. Jibu wimbo kwanza."

"Imbeni upesi!"

Wenzake Pimbi waliokuwa ufukweni wakaimba.

"Upepo ukija?"

"Shika!" akanguruma Nyani.

"Ukitaka kugeuka?"

Nyani akafikiri. "Shika!"

"Ukitaka kusimama?"

"Shika!"

Chura akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee, umepata moja tu!"

"Moja yanitosha. Nyamaza, wewe mwenye macho ya kutoka nje!"

Pimbi akainua mkono, wenzake wakatulia. "Mzee Nyani, nakwambia mbele ya hawa wote wasikie. Ukitaka kusimama, achia kijiti. Basi. Wala usihofu kishada kupotea. Ukikiachia tu, mimi nitakuwa nyuma yako, nitakiokota."

Nyani akakunja uso.

"Utakiokota?"

"Nitakiokota."

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe, Mzee, kwa mikono yangu hii."

"Ahaa," akasema Nyani, akakumbatia kijiti kifuani. "Sasa nimekujua."

Akaketi juu ya ubao. Kishada kikapanda. Vuuu! Ubao ukaruka, pa-pa-pa-pa, maji yakafunguka kulia na kushoto, na Nyani akapata raha kuliko siku zote za maisha yake.

"Ziwa la nani hili? Hili langu!" akapiga kelele. "Upepo wa nani huu? Huu wangu!"

Akapita matete. Akapita kisiwa cha minandi, wale ndege weusi wapiga mbizi. Akatazama nyuma, jabali limekuwa dogo kama kobe. Hapo raha ikapungua kidogo. Akavuta kijiti ili asimame. Kishada kikamvuta. Akavuta zaidi. Kikamvuta zaidi.

Nyuma yake tanga la Chura lilikuwa likija, na Pimbi amesimama ubaoni kwa Chura, ameshika mlingoti.

"Mzee, achia!" akaita Pimbi. "Niko hapa, nitakiokota!"

"Najua utakiokota!" akajibu Nyani, akavuta.

Vuuu!

"Mzee, achia jamani!" akaita Chura. "Tutakubeba tukurudishe!"

"Mimi mnibebe, naye akiokote? Mnadhani nimezaliwa leo?" Akavuta.

Vuuuuu!

"Achiaaa!"

"Siachiii!"

Akawa mdogo kama kunguru. Akawa mdogo kama nzi. Kisha yakabaki mawimbi, meupe meupe, yakienda ng'ambo.

Chura akageuza tanga. Walirudi polepole, wakikata upepo kwa upande, mpaka walipofika matete.

"Yale uliyomwambia," akauliza Chura, "yalikuwa kweli?"

"Kweli tupu."

"Basi hukumdanganya."

Pimbi akatazama maji. "Sikumdanganya. Nilijua hatasikia."

Asubuhi iliyofuata pimbi wawili walimbeba mama yule, wakampandisha jabali, wakamlaza mahali panapopata jua la kwanza. Jua likaja. Likampata masikioni, likampata mgongoni, likashuka miguuni. Akanyoosha kidole kimoja. Akanyoosha cha pili.

"Imeamka," akasema. Kisha akauliza, "Na yule mkubwa, yuko wapi?"

Jibu lililetwa na Mdiria, yule ndege mvuvi, aliyeruka kutoka ng'ambo baada ya siku saba.

"Yuko salama. Ameketi juu ya jiwe dogo kama kigoda. Kishada kimenasa kwenye miiba ya mti wa mgunga, yeye ameshika kijiti, anavuta. Nikamwambia, Mzee, achia, urudi kwenu kwa miguu, ni mwendo wa siku mbili tu. Akaniambia: Nani amekutuma? Pimbi, eh?"

"Masikini," akasema mama. Akachuma kuyu moja lililoiva, akampa Mdiria ampelekee.

Jioni Mdiria akarudi. Pimbi alikuwa ameketi akishona kishada kipya.

"Amelipokea?"

"Amelipokea."

"Kwa mkono gani?"

"Kwa mdomo," akasema Mdiria. "Mikono ina kazi."

Basi, wenzangu, funzo la ngano hii ni wazi, na kila mtu alibebe aende nalo kwake: ukipata kitu, kishike kwa nguvu, usikiachie hata dunia ivume. Mtazameni Nyani. Mpaka leo hakuna aliyemnyang'anya.

Nami ngano hii nimeishika tangu mwanzo. Sasa nifanyeje?
— Achia!
Sikusikia.
— Achiaaa!
Haya, nimeiachia. Aiokote anayetaka.