Nafasi Kati ya Kabichi

Wapendwa, leo kanisa letu linanukia vitunguu, na mimi silalamiki. Mmeleta ndizi, mmeleta maharage, na kuna mzee ameleta jogoo ambaye ameshaitikia sala mara mbili kabla yenu. Kwa kuwa ni sikukuu ya mavuno, nitawapa mfano wa bustani. Wenye watoto wachanga wapakateni vizuri, maana mfano wenyewe ni mfupi na sitaurudia.

Kulikuwa na mke mmoja, mgeni katika mji wa watu, ameolewa na hata mwaka haujatimia. Nyuma ya jiko la mama mkwe wake palikuwa na kipande cha ardhi, kidogo mno, mbuzi akijinyoosha amekimaliza. Shemeji yake alikitaka ajenge banda la nguruwe. Yule mke naye akakiomba alime mboga. Mama mkwe akawatazama wote wawili, akamwambia mkwewe, "Mwanangu, nakupa msimu huu mmoja. Ukitulisha, kipande ni chako. Ukishindwa, shemeji yako analeta mbao zake."

Mnaona jambo lenyewe lilivyokuwa? Mwanamke aliyeolewa ugenini anapikia sufuria za watu, analalia godoro la watu, na hata jembe anaazima. Kile kipande ndicho kingekuwa kitu chake cha kwanza pale nyumbani. Alikitaka mpaka akawa anakiota.

Hakukimbilia jembe. Kwanza aliangalia jua linapopiga asubuhi na kivuli cha jiko kinapofika jioni. Akaacha kijia cha kupitisha mguu, asije akakanyaga matuta yake mwenyewe. Mchicha akausia karibu na mlango, kwa kubanana, kwa sababu mchicha unachumwa ungali mchanga, haukai sana. Lakini alipofika kwenye kabichi, akakata kijiti chenye urefu wa kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Akakilaza chini, akapanda mche. Akakilaza tena, akapanda mwingine. Na miche yenyewe ilikuwa midogo, jani lake halizidi kidole gumba. Ukilitazama lile tuta unaona udongo mtupu, na vijani viwili vitatu huku na huku, kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na mtu mwenye haraka.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Dada, miche imekuishia?"

"Haijaisha, mama. Imetosha."

"Imetosha wapi, na shamba liko wazi hivi?" Akaenda zake akitikisa kichwa, na mpaka jua linazama mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mkwe wa fulani hajui kulima.

Sasa, mtaani pale palikuwa na desturi, tena desturi nzuri. Jirani akipungukiwa na miche, hasubiriwi aombe. Wenzake wanachukua ya kwao, wanakuja kumpandia. Na mche uliopandwa na mkono wa jirani haung'olewi. Ukiung'oa, umemtukana aliyeupanda.

Yule mke akaitwa kwao, baba yake anaumwa. Alipoondoka tu, wanawake wakaja na mabeseni yao, wakiimba, wakajaza kila palipokuwa wazi. Mama mkwe akawachemshia chai. Waliifanya kwa upendo, naomba mnielewe hapo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hata mmoja.

Aliporudi, akasimama kwenye kile kijia chake asijue pa kuweka mguu. Tuta zima limejaa, mche umekaa juu ya mche. Mama mkwe anacheka kwa furaha. "Umeona walivyokuheshimu? Sasa ndiyo bustani. Kwanza ilikuwa inanitia aibu."

Hebu niulize, ungekuwa wewe ungefanyaje? Ukiiacha, umepata amani na watu, lakini msimu umekwenda na banda la nguruwe limepata kiwanja. Ukiing'oa, umegombana na mtaa mzima, na umeolewa juzi. Kina mama wengi hapa mngeiacha, halafu mngeenda kulia jikoni. Kina baba msicheke. Ninyi mngeiacha na mngesema ndivyo mlivyopanga tangu mwanzo.

Yule mke alimwagia udongo maji ukalainika. Akang'oa mche mmoja mmoja pamoja na udongo wake, taratibu, usife. Akaipanga kwenye beseni, akaizungusha nyumba kwa nyumba, akamrudishia kila mtu yake kwa mikono miwili.

"Mama, mkono wako nimeuona, na asante sana. Lakini ile nafasi ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Si patupu pale?"

"Ni kabichi ile ile iliyo pembeni yake, mama. Bado haijafika."

Mmoja akapokea akiguna. Mwingine akapokea, akafunga mlango. Mama mkwe akaacha kumwita mwanangu, akawa anamwita wewe. Na shemeji, kwa kuwa ni shemeji, akaleta mbao zake mapema akaziegemeza ukutani mwa jiko, ili kila asubuhi yule mke akitoka kuwasha moto azione. Iliuma. Alipalilia akiwa amenuna, akatia samadi huku machozi yanamtoka, lakini miche ya watu hakuirudisha tutani.

Mvua ikaja. Majani yakafunguka, yakatambaa, yakaenda kugusana na majani ya kabichi ya pembeni. Asubuhi moja mama mkwe akatoka kuchuma mchicha, akatazama tuta la kabichi, akautafuta udongo hakuuona. Akainama, akagonga kabichi moja kwa vidole. Ngumu. Akagonga ya pili. Akagonga tuta zima mpaka mwisho, na mchicha akausahau. Kwa wale majirani waliobananisha, kabichi zilikuwa zimerefuka zikigombea jua, majani matupu, hakuna iliyofunga kichwa.

Siku ya mavuno, mama mkwe yule alikataa kubebewa. Kabichi kubwa kuliko zote aliitwika mwenyewe, akatembea nayo katikati ya njia mpaka kanisani, pole pole, kila mtu aone. Yule jirani wa kwenye ua akamwuliza, "Mama, zile nafasi zilizokuwa katikati, zilienda wapi?"

Mama mkwe akaitua kabichi, akamwekea jirani mikononi mpaka akainama kwa uzito. "Hizo hapo," akasema. "Zibebe."

Na mbao zile ndizo zilizojenga uzio wa bustani. Shemeji alizipigilia mwenyewe, na mke wa shemeji huyo akapewa kabichi ya kupeleka nyumbani kwao.

Naona mnapiga makofi. Vizuri. Lakini mnampigia nani? Nimewaangalia nyuso zenu, kila mmoja ameshajifanya kuwa yule mke. Basi nionesheni hapa jirani mwenye beseni la miche yuko wapi.

Sisi ndio wenye mabeseni, wapendwa. Sisi hatuwezi kuona udongo mtupu tukanyamaza. Mwenzetu kafiwa na mke, kaburi halijakauka, tumeshamtafutia mwingine. Binti bado anajitafuta, tumeshamchumbia. Wanandoa hawajapata mtoto, kila tukipita tunawachomekea ushauri. Na nafasi za kwetu wenyewe tunazijaza kwa hofu: kazi yoyote, mtu yeyote, deni lolote, ilimradi pasionekane wazi. Kisha tunarefuka majani matupu, tunamwuliza Mungu mbona hatufungi.

Mungu hakukupanda kwa kipimo cha udogo wako wa leo. Alilaza kijiti chake akiwa anaona utakavyokuwa. Pale unapopaonea aibu, pale ambapo ndugu zako wakija nyumbani unapafunika, pamepimwa. Palilia hapo. Tia samadi hata kama unalia. Wala hutakaa hivyo daima, nakuambia mbele ya madhabahu hii, utajaa mpaka watu wautafute udongo wasiuone.

Na wewe mama uliyekaa benchi la mwisho, uliyeinamisha uso tangu nilipoanza: nyanyua kichwa. Akija mtu kuchungulia kwako kesho, akakuuliza mbona pako wazi hivi, usibishane naye. Mkaribishe mavuno.