Sanduku la Visu la Mzee Kiangi

Kisu cha sandukuni hakikati kamba. Ndivyo mjomba wenu alivyomwambia Naelijwa leo, aliporudi kutoka shuleni amelowa chepechepe huku mwavuli wake mpya umelala chumbani ndani ya nailoni. Mmecheka, kisha mkaniuliza kisu na kamba vinahusiana nini na mwavuli. Sogeeni hapa karibu na jiko, mumpe nafasi na bibi wa jirani. Na wewe Naelijwa, jifunike kanga yangu hiyo kavu. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, bibi yangu akiwa msichana, palikuwa na mtu katika milima hii yetu ya Upare aliyeitwa Kiangi. Alikuwa mtu mwema. Nawaambia mapema, kwa sababu wengi wakisimulia habari hii humfanya mpumbavu, naye hakuwa mpumbavu. Mtu akifiwa, Kiangi alikuwa wa kwanza kufika na mzigo wa kuni. Jambo moja tu lilimzidi: alipenda mno visu vya kukunja.

Siku zile kila mtu mzima alitembea na kisu chake. Si panga, ni kisu kidogo kinachojikunja ndani ya mpini wa pembe, kinaenea kiganjani. Wanaume walikitia kibindoni, wanawake walikifunga kwenye pindo la kanga. Kwa kisu hicho walimenya ndizi, walikata majani ya ng'ombe, walitoa miiba miguuni. Vilivyosifiwa kuliko vyote vilitoka kwa mhunzi mmoja, mzee Senzia, aliyetia alama ya mistari mitatu kwenye kila mpini. Senzia alipokufa bila kumrithisha mtu kazi yake, Kiangi akaanza kuvikusanya visu vyake. Alivifuata vilipo, hapa akitoa jogoo, pale akitoa mtungi wa asali, hata akapata kumi na kimoja. Kila kimoja alikipaka mafuta ya kondoo, akakizungushia kitambaa, akakilaza katika sanduku la mbao lenye kufuli. Mgeni akija, alivitoa vikatazamwa mipini, lakini hakuvikunjua. Aliogopa jasho la vidole lingeleta kutu.

Na yeye mwenyewe kibindoni hakuwa na kitu. Akitaka kumenya ndizi, aliazima.

Kisu cha kumi na mbili cha Senzia kilikuwa kwa Namkunda, mjane wa rafiki yake. Kilikuwa kimezeeka. Mpini ulipasuka ukafungwa waya wa shaba, na makali yalikuwa yameliwa na kinoo mpaka yamebaki membamba kama jani changa la mkonge. Bawaba yake ilikuwa imelegea kwa kutumika; Namkunda alikigusisha pajani tu, kikafunguka. Kiangi alimwendea akampa ahadi ya mbuzi jike mwenye mimba. Namkunda hakuwa na mbuzi, na huyo alimtamani.

"Shemeji, mbuzi ni mzuri," alisema. "Lakini kisu kikienda kulala kwako, kesho majani ya ng'ombe nitakatia nini?"

"Utaazima."

"Kwa nani? Kwako wewe mwenye kumi na kimoja?"

Wakacheka wote wawili. Namkunda akammenyea ndizi mbivu kwa kisu kile kile, akamfungashia na nyingine za mkewe. Hawakukosana. Lakini Kiangi alipofika njiani alisema peke yake kwamba kisu kizuri vile kinauawa kwa kazi.

Sasa niwaambie habari za ndiva. Ndiva ni bwawa letu la kuhifadhi maji ya mfereji. Chini ya ukuta wake kuna tundu, na tundu hilo huzibwa kwa gogo na majani. Asubuhi huzibuliwa, maji yakashuka mashambani. Ikipita mvua kubwa, ndiva hujaa tope na takataka, ndipo hupigwa baragumu la msaragambo, kila nyumba itoe mtu wa kufanya kazi. Na palikuwa na mwiko mmoja: ndivani hapafiki panga. Watu hugombania maji, wajukuu zangu, na wazee walikwisha kuona damu mahali pale. Mtu alikwenda na jembe, karai na kile kisu chake kidogo. Na yule ambaye zamu yake ni kuingia majini kuzibua tundu, yeye hakuruhusiwa kuingia bila kisu kiunoni, kwa sababu hufungwa kamba.

Mwaka ule, baada ya mvua iliyong'oa migomba, zamu iliangukia nyumba ya Kiangi. Aliyekuwa akienda ni Sangiwa, mwanawe wa pekee, mtu mzima mwenye mke na mtoto wa miezi miwili. Kisu chake Sangiwa kilikuwa kimevunjika wiki moja kabla. Asubuhi alisimama mlangoni akamwomba baba yake amwazime kimoja, siku hiyo tu.

Kiangi alitazama sanduku. Akasema tope la ndivani lina mchanga, mchanga ungekwaruza makali. Akasema kazi yenyewe ni ndogo, na watu ni wengi, mtu akihitaji kisu hakosi. Sangiwa hakubishana na baba yake. Alichukua jembe akaondoka, na Kiangi akamfuata.

Walipofika, hakuna aliyemuuliza Sangiwa kama ana kisu. Nani angemuuliza mtoto wa Kiangi?

Wakamfunga kamba ya mkonge kiunoni. Wanaume watano wakashika upande wa pili ukingoni. Sangiwa akaingia mpaka kifuani, akazama, akaibuka, akazama tena akilivuta gogo lililokwama. Mara gogo likaachia. Maji yakapata njia, yakaanza kunguruma chini ya ukuta, na yakalifyonza gogo liingie tunduni kwa kichwa. Kamba ilikuwa imelegea ndani ya maji. Ikajizungusha kwenye gogo na kwenda nalo. Sangiwa akavutwa mpaka ukutani, maji yakamfika shingoni.

Waliokuwa ukingoni wakavuta, na walipovuta yeye akazama mpaka puani. Wakaelewa. Kamba ilitoka mikononi mwao ikashuka ikalizunguka gogo, ndipo ikarudi kiunoni kwake. Kuivuta ni kumshusha. Kuiachia ni kuliruhusu gogo limchukue. Basi wakaishika vile vile, hawavuti wala hawaachii. Na gogo lilikuwa likisogea ndani ya tundu, kidogo, likitulia, likisogea tena.

Mtu mmoja aliingia kujaribu kufungua fundo. Mkonge ukilowa huvimba. Fundo lilikuwa gumu kama jiwe. Mwingine akainua jembe aipige kamba, wazee wakamzuia. Ikikatwa huku juu, wale watano watabaki na kipande tu, na Sangiwa atakwenda. Ilitakiwa ikatwe kiunoni pake, chini ya maji, mahali pa upana wa kiganja. Wakapapasa vibindo. Waliokuwa na visu walikuwa wameviacha kwenye mashuka yao, na mashuka waliyatundika kule chini kwenye vivuli vya mashamba, mbali kuliko nyumba ya Kiangi. Wengine waliamini tu kwamba jirani anacho. Mmoja akakimbilia huko chini. Kiangi alikuwa amekwisha kimbia kupanda nyumbani.

Bibi yangu alikuwa ukingoni amebeba uji wa wafanyakazi. Alisema hajasahau jinsi mke wa Sangiwa alivyosimama na mtoto mgongoni bila kulia, akimwambia mumewe mambo madogo madogo tu: kwamba mtoto amelala, kwamba jana alimshika kidole. Sangiwa alimtazama yeye tu. Maji yalikuwa kidevuni.

Kiangi alifika nyumbani, akafungua kufuli, akamwaga vitambaa vyote sakafuni, akachukua kisu kikubwa kuliko vyote, akashuka mbio. Njiani akakishika kukikunjua. Hakikukunjuka. Akaingiza kucha, ukucha ukang'oka. Yale mafuta ya kondoo aliyoyapaka kwa miaka yalikuwa yameganda ndani ya bawaba kama gundi, na nyuma yake kutu. Akakiuma kwa meno akakimbia hivyo hivyo, na alipofika aliingia majini na kanzu yake, anakivuta kwa meno, damu inatoka kwenye fizi, kisu kimefumba kama kilivyotoka sandukuni.

"Baba," Sangiwa akamwambia, "acha. Nishike tu."

Kiangi akaacha kisu kikaning'inia mkononi. Akamshika mwanawe kidevu kwa kiganja, akakiinua. Maji yalikuwa mdomoni.

Hapo ndipo Namkunda alipofika. Alikuwa juu ya mfereji akikatia ng'ombe wake majani, akasikia kelele za watu zikikatika ghafla, na ukimya ule ukamtia hofu kuliko kelele. Alitupa mzigo. Alishuka ukingoni akifungua pindo la kanga, akaingia majini, yeye ambaye hakujua kuogelea.

"Shemeji, shika bega langu nisichukuliwe," alimwambia Kiangi. Kisha akamwambia Sangiwa, kwa sauti ile ya kumwogesha mtoto: "Mwanangu, vuta tumbo ndani. Nitapita karibu na ngozi."

Mkono mmoja ulikuwa ukipapasa kiuno. Kwa mkono wa pili alikigusisha kisu pajani, chini ya maji, kikafunguka. Sangiwa akavuta pumzi ya mwisho kwa pua, maji yakamfunika. Watu waliona bega la Namkunda tu likienda na kurudi, likienda na kurudi, mara sita, mara saba. Gogo likasogea. Wale watano wakavutwa hata wakapiga magoti.

Kisha kamba ikaachia. Gogo likaingia tunduni kwa kishindo kama cha ng'ombe anayeanguka, na kamba ikachomoka mikononi mwa wale wanaume ikalifuata. Sangiwa akaibuka mikononi mwa baba yake, anakohoa, na kiunoni ana mchirizi mmoja wa damu, mwembamba, usiozidi mkwaruzo wa mwiba.

Walipotolewa, Namkunda alikuwa akitazama kiganja chake. Kilikuwa kitupu. Kisu kilikwenda na maji, na mistari yake mitatu na waya wake wa shaba.

Jambo ambalo bibi yangu alilitaja kila aliposimulia ni hili: hakuna aliyemcheka Kiangi. Watu sabini walikuwa pale, na wote waliona kile kisu kilichofumba. Mtu mmoja mwenye ulimi alifungua mdomo, Namkunda akamkatiza kwa kuomba uji. Akanywa kidogo, uliobaki kibuyuni akampelekea Kiangi kwa mikono miwili, akamwambia anywe, ana baridi.

Siku nane Kiangi hakuonekana. Alikaa uani na mafuta ya taa na mchanga na kinoo, anasugua. Msaragambo uliofuata alikuja na sanduku kichwani, akalitua ukingoni mwa ndiva, akalifungua. Visu kumi vilikuwa wazi, vimekunjuliwa, vinang'aa. Cha kumi na kimoja, kile kikubwa, kilikuwa bado kimefumba, kilimshinda. Akamwita Namkunda achague kwanza, kisha kila nyumba ambayo haina ichukue. Na kuanzia siku hiyo, alisema, kabla mtu hajaingia majini ataulizwa, hata awe mtoto wa nani.

Namkunda alivitazama vyote bila haraka. Akachukua kile kilichofumba.

"Hicho ni kibovu, shemeji," Kiangi alisema. "Hakikati."

"Kimelala tu," alijibu Namkunda. "Kitembee na mimi, kitaamka."

Akakifunga kwenye pindo la kanga. Inasemekana kilimchukua mvua mbili za kukisugua na kukihangaisha, lakini kilifunguka, na alipokufa kilikuwa kimelegea kama kile cha kwanza.

Kiangi alibakiza kimoja, akakitia kibindoni. Miaka ilipopita, alipokuwa mzee na watoto wa Sangiwa wanamzunguka, wageni waliosikia sifa za visu vya Senzia walikuwa wakifika kumuuliza liko wapi lile sanduku. Aliwaonyesha. Mkewe alikuwa akiwekea mbegu za maharage. Na wakimsikitikia kwa kuvitawanya vitu vizuri vile, alitoa kisu chake akawamenyea ndizi, akasema bila kuona haya, maana ni yeye mwenyewe aliyeisema kwanza, wala hakumwachia mwingine amseme:

"Kisu cha sandukuni hakikati kamba."

Haya, Naelijwa, nywele zimekauka. Nenda kautoe ule mwavuli kwenye nailoni, umsindikize bibi wa jirani; mvua bado inanyesha, naye amekuja bila kitu.