Pikipiki ya Mzee Ambakisye

Kilichoganda hupashwa, hakivutwi. Leo mmemsikia shangazi yenu Sekela akiwaambia maneno hayo mlipokuwa mkimbana mwenzenu aseme kilichomrudisha nyumbani, nanyi mmekuja kuniuliza kama ni methali ya watu wanaopika kwa samli. Samli haimo kabisa. Ilitokana na klachi ya pikipiki, hapa hapa kijijini kwetu, na baadhi yetu tuliokuwapo bado tuko hai. Sogezeni vigoda, mvua hii haina haraka ya kukatika. Methali hii ilianza hivi.

Kule bondeni, kabla hujavuka kijito, aliishi Mzee Ambakisye. Alikuwa bwana mifugo. Milima yote hii aliizunguka kwa pikipiki, akichanja ng'ombe na kuwasaidia wale ambao ndama walikataa kutoka. Alipostaafu aliuziwa pikipiki ile ile aliyoitumia, nayo ilikuwa imeshazeeka kama yeye, lakini aliitunza hata watu wakasema inalala pakavu kuliko mwenyewe. Mkewe alikwisha kufariki. Alibaki na watoto wawili, wote watu wazima: Subilaga, binti, aliyekuwa mpishi kwenye mgahawa huko Chunya, na Gwamaka, kitinda mimba, aliyebaki nyumbani na baba yake kutunza shamba la chai.

Mwaka mmoja, masika yakiwa yamekolea, Gwamaka alishikwa na tumbo. Walidhani ni la kawaida, wakamkanda kwa maji ya moto. Kulipopambazuka tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na kijana hawezi kusimama. Siku hizo bodaboda zilikuwa hazijafika kwetu, na gari lisingeweza kushuka bondeni kwa tope lile. Mzee akaitoa pikipiki, akamketisha mwanawe nyuma, akajifunga naye kwa kitenge ili asianguke, wakapanda mlima. Sisi majirani tuliwasukuma mpaka barabarani.

Jioni alirudi na maiti kwenye gari la mbao lililowaacha barabarani juu, pikipiki imepakiwa nyuma. Tulichoambiwa ni kwamba Gwamaka alifia njiani.

Subilaga hakumwahi ndugu yake. Daraja lilikuwa limekatika, na alipofika kaburi lilikuwa limeshafunikwa, maua yamekwisha kulowa. Alilia, kisha akamwendea baba yake akamwuliza Gwamaka alisema nini mwishoni. Mzee hakujibu. Akauliza tena siku ya pili, na siku ya kumaliza matanga akauliza mbele ya wazee wa ukoo, akidhani baba atawaonea haya. Mzee alikuwa akitazama mikono yake tu. Mchungaji alijaribu, na Mzee Lugano, mdogo wake wa tumbo moja, alijaribu, hata kwa ukali. Hawakupata neno. Mwishowe binti akasema jambo ambalo sote tulilisikia, na sote tukatamani tusingelisikia. Alisema, "Umemzika pamoja na maneno yake." Akachukua begi lake, akarudi Chunya.

Baada ya hapo Mzee Ambakisye aliisukuma pikipiki mpaka stoo, akaifunika kwa magunia, akafunga mlango. Hakuwa bubu. Alisalimia watu, aliuliza bei ya mbolea, akija mtu mwenye ng'ombe mgonjwa alimwelekeza. Lakini ukimtaja Gwamaka, au safari ile, alikuwa kama mtu aliyetoka akaacha nyumba wazi. Miaka ikapita hivyo.

Mimi ndiye niliyemtumia Subilaga salamu arudi. Shamba langu la maharage linapakana na ua wao, na nilikuwa nikimwona mzee anavyopungua. Miguu ilivimba. Akitoka kitandani mpaka barazani alikuwa akihema kama aliyebeba gunia. Daktari alisema ni moyo, na kwamba lazima apande hospitali mara kwa mara kuangaliwa. Kumbeba kwa machela kila mara ilikuwa kazi kubwa, naye alikuwa akikataa, anasema machela ni ya maiti.

Subilaga akaja. Baba na binti walisalimiana kwa adabu, kama wageni waliopangiwa chumba kimoja. Alimpikia, alimkanda miguu, hawakugombana, na hawakuzungumza. Halafu siku moja nikamwona ameufungua mlango wa stoo.

Aliniambia anataka kumpeleka baba yake hospitali mwenyewe. Kule Chunya alikuwa amefundishwa kidogo kuendesha, tena pikipiki mpya, tena uwanjani palipo tambarare. Utengenezaji hakuujua kabisa. Lakini aliifuta vumbi, akaisafisha plagi kwa msasa, akamwaga petroli iliyooza akatia nyingine, na baada ya kupiga kiki asubuhi nzima injini ikawaka. Nilisikia nikiwa shambani. Nikamwona mzee barazani ameinua kichwa, kisha akakiinamisha tena.

Shida ilikuwa klachi. Mnajua klachi ni ule mkono wa kushoto unaobanwa ili injini iachane na tairi, upate kubadili gia. Subilaga alizima injini, akaweka gia, akabana klachi, akaisukuma pikipiki. Tairi la nyuma lilipaswa kuzunguka kwa ulaini. Liligoma, kama vile hakubana kitu. Akaachia, akabana tena kwa mikono miwili. Likagoma vile vile.

Alidhani waya umelegea, akaukaza. Haukusaidia, akaukaza zaidi. Aliendelea kuukaza mpaka alipobana kwa hasira na waya ukamkatikia mkononi. Ikabidi amwagize dereva wa lori amletee mwingine kutoka Tukuyu, nao ulipofika akaufunga yeye mwenyewe, vidole vimechubuka, na klachi ikawa ile ile ya jana. Wakati wote huo baba yake alikuwa amekaa barazani, hatua chache tu, mtu aliyeendesha chombo kile nusu ya maisha yake. Hakusema kitu, na binti hakumwuliza. Nadhani alikuwa ameapa moyoni kwamba hatamwuliza tena mzee huyo jambo lolote.

Basi siku hiyo akaamua kutumia nguvu. Aliwasha injini, akabana klachi mpaka mwisho, akakanyaga gia. Pikipiki iliruka mbele kama mbuzi aliyeumwa na siafu. Ilimvuta, ikamtupa, ikagonga ukuta wa jiko ikamlalia mguuni, na ekzosi ikamuunguza nyama ya mguu. Niliacha jembe nikakimbia. Lakini nilipofika Mzee Ambakisye alikuwa ameshafika kabla yangu, yeye ambaye hakuweza kutembea bila kushika ukuta. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anaiinua pikipiki.

"Umeumia?" alimwuliza.

"Mguu tu, baba."

Tulimtoa. Mzee alihema kwa muda mrefu, mkono wake uko juu ya tangi. Kisha akasema, "Waya hauna kosa. Ndani mle kuna sahani nyembamba zimepangwa pamoja. Ukibana zinaachana, ukiachia zinashikana. Pikipiki ikikaa muda mrefu haitumiki, oili iliyo katikati inanata, zinagandana zinakuwa kitu kimoja. Utavuta mpaka ukate waya zote za Tukuyu. Kilichoganda hupashwa, mwanangu. Hakivutwi."

Nilimpaka Subilaga asali kwenye kidonda, nikawaacha. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye, naye si mtu wa kuongeza chumvi.

Kesho yake, jua lilipochomoza kidogo, mzee aliketi kwenye kigoda karibu na pikipiki akamwelekeza. Kwanza walimwaga oili ya zamani, ikatoka nyeusi na nzito kama uji wa ulezi, wakatia mpya. Kisha akamwambia aitoe gia, awashe, aiache iungurume polepole bila kuipandisha moto kwa fujo. Subilaga akauliza wangoje mpaka lini. Mzee akasema mpaka joto liifikie oili ya ndani kabisa, na hilo halina kuharakishwa.

Wakakaa. Hapakuwa na la kufanya ila kukaa. Injini iliunguruma kati yao, na mvuke ukapanda kutoka kwenye matope yaliyokuwa chini yake. Subilaga aliniambia kwamba mara nyingi alitaka kusema kitu, akajizuia, si kwa hekima bali kwa uchovu. Alikuwa hana nguvu tena ya kumvuta mtu yeyote. Aligusa ubavu wa injini kwa kiganja, akaona bado. Baba yake naye akagusa. Wakakaa tena.

Ndipo mzee akasema, akiwa anaitazama injini, "Aliniomba nisimame."

Subilaga hakugeuka.

"Tulipopita shamba la misheni," mzee akasema. "Alisema, 'Baba, simama kidogo nipumzike, mtikisiko unaniumiza.' Nikamwambia avumilie, tumekaribia. Nikaongeza mwendo. Akaniomba tena. Sikusimama. Halafu akaegemea mgongoni kwangu akanyamaza, nikashukuru Mungu kwamba amepata usingizi. Nilikuwa nikimsemesha njia nzima. Namwambia tutafika, namwambia daktari yule ninamfahamu, nilimtibia ng'ombe wake. Hospitali muuguzi akafungua kitenge, akaniangalia."

Injini ikaendelea kuunguruma. Baada ya muda akasema, "Sijui nilimsemesha akiwa hai mpaka wapi."

Subilaga aliniambia kwamba neno "ungesimama" lilimfika kooni, na angeweza kulisema, na lingekuwa kweli. Alilimeza. Badala yake aliuliza, kwa sauti ya chini, kama Gwamaka alimtaja yeye.

"Hapana," mzee akajibu. "Hakuacha neno lako, mwanangu. Ningekuwa nalo ningekupa. Niliogopa ukijua sina la kukupa hutarudi tena hapa."

Basi lile neno alilolidai kwa miaka, lile alilowakasirikia watu wote kwa ajili yake, halikuwako. Alilia hapo hapo, na baba yake akalia, wazi wazi, jinsi ambavyo hakulia hata makaburini. Nilikuwa shambani kwangu, nikasikia injini na kilio pamoja, nikainama nikaendelea kupalilia, maana haikuwa haki yangu kusogea.

Walipotulia, mzee akagusa ubavu wa injini akaondoa kiganja upesi. Akamwambia azime, aweke gia ya juu, abane klachi asiiachie. Yeye akashika nyuma. Wakaisukuma mbele kidogo, wakairudisha nyuma, mbele, nyuma, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mara wakasikia mlio mdogo ndani, kama kuni mbichi inapopasuka, na tairi likazunguka huru.

"Imeachia," mzee akasema. Akarudi kukaa.

Subilaga alimpeleka hospitali siku za kliniki, wakipanda mlima kwa gia ndogo, polepole sana, na kila mara mzee aliposema wasimame walisimama. Sisi tulizoea kuwaona wamekaa kando ya barabara, pikipiki imezimwa, wanaongea. Waliongea habari za Gwamaka alipokuwa mdogo, alivyowahi kumpa mbuzi dume jina la mwalimu wake, na mambo kama hayo. Lakini moyo ulikuwa umechoka zamani. Mzee Ambakisye hakufikia mavuno ya maharage. Alikufa kitandani kwake mchana, Subilaga akiwa anamlisha uji, na tulimzika ubavuni pa mwanawe.

Kwenye matanga wazee walikuwa wamekwisha kujua kwamba alizungumza kabla ya kufa. Jambo hilo lilimuuma Mzee Lugano. Alimwita mtoto wa kaka yake mbele ya watu, akamwuliza alimfanyia nini. Akasema, "Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja. Nilimsihi, nilimgombeza, nilimletea mchungaji. Wewe ulimtoaje maneno?"

Subilaga alikuwa amekaa mkekani, mguu wenye kovu ameunyoosha mbele.

"Sikumtoa, baba mdogo," akasema. "Nilimvuta sana huko nyuma, mnajua wote, na ilikatika. Safari hii nilikaa naye karibu, basi. Mwenyewe aliniambia siku ya pikipiki: kilichoganda hupashwa, hakivutwi."

Mzee Lugano alijifunika uso kwa kofia yake, na mabega yakaanza kumtikisika. Mchungaji alitaka kuinuka aende kumwambia jambo, mwanamke mmoja akamshika mkono akamrudisha chini. Tukakaa naye tu, wengine wakachochea moto, mpaka akalia akamaliza.

Kuanzia matanga hayo watu wa bondeni wakaanza kusema maneno hayo, na wa mlimani wakayachukua, hata leo yanasemwa na wasiojua klachi ni nini. Wanamwambia mama anayempigia kelele binti aliyenyamaza, wanamwambia kijana anayetaka msamaha upatikane leo leo. Wengi hudhani ni maneno ya kuwapa watu subira ili mwisho upate unachokitaka. Subilaga alikaa, akapasha, na alichokitaka hakikuwamo. Alichokipata ni baba yake, kwa miezi michache. Nanyi mkiyasema, yasemeni mkijua hivyo.

Kilichoganda hupashwa, hakivutwi.