Mbegu Nyekundu za Nathanaeli

Pupa ni mgeni mbaya: ikiingia huchangamsha nyumba, ikitoka huacha vyungu vitupu. Anyesi wa Kizota aliijua methali yake tangu shuleni, lakini si kila aijuaye methali huitii.

Mumewe, Nathanaeli, alizoea kupanda viazi mviringo kwenye magunia uani, mbegu nyekundu aliyorithi kwa mama yake. Kwao hapakuwa na mwingine aliyebaki nayo. Alipofariki aliacha kikapu kimoja cha mbegu, na lundo la samadi na majani makavu alilokuwa akilivundika liwe mboji. Kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia, Anyesi alijiapiza kwamba wageni watakula viazi vya marehemu, si vya sokoni Majengo.

Jirani yake Hamida, mkulima wa Kondoa tangu utotoni, alichomeka kijiti ndani ya lundo, akakiacha kidogo, akakichomoa na kukishika.

"Bado kina moto, Mama Erica. Mboji haijaiva. Subiri."

"Nikisubiri, kumbukumbu itanipita. Mbolea ya kuku ipo, tena mbichi ndiyo yenye nguvu."

"Itaunguza mizizi, mwenzangu. Basi bakiza hata mbegu chache."

"Za nini, Mama Iddy? Wewe hujazika mume!"

Hamida akakitupa kijiti, akaenda zake. Neno lilimchoma.

Anyesi alipanda mbegu zote kwa mbolea ile mbichi ya kuku. Mwanzoni majani yalinawiri, naye akatembea uani kifua mbele. Kisha yakaanza kuungua pembeni, mashina yakalegea. Alipopasua magunia alikuta uozo unaonuka, na vijiazi vichache laini kama matope. Akaketi chini, akalia kuliko alivyolia makaburini, maana safari hii hakuwa na wa kumlaumu.

Siku ya kumbukumbu wageni walikula ugali kwa mlenda, wakashukuru, wakaondoka. Hamida alibaki akiosha vyombo, wala hakumkumbusha lolote. Anyesi akaliendea lundo la mumewe, akachomeka kijiti. Kilitoka kimepoa. Mboji ilikuwa nyeusi, imechambuka, inanukia kama udongo ulioonja mvua ya kwanza. Akachota ukufi mzima, akakigeukia kikapu cha marehemu kilichotundikwa ukutani. Hakikuwa na hata mbegu moja.

Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.